Kuhesabu hadi kumi: mashabiki wa Phoenix na mitupo huru ya Giannis Antetokounmpo

Tarehe 17 Julai 2021, katika mechi ya tano ya fainali za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, mjini Phoenix, Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks alirusha mpira mara 23 mchezo ukiendelea, mabeki wakimbana kila upande, akafunga mara 14. Usiku huohuo alisimama mara 11 kwenye mstari wa mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa rafu, mita 4.57 kutoka kwenye ubao, bila mtu wa kumzuia, akafunga mara 4 tu. Yaani alipozuiwa alifunga asilimia 61 ya mipira yake, na alipoachwa peke yake akafunga asilimia 36.

Bucks walishinda mechi hiyo 123 kwa 119, kwa hiyo mitupo 7 aliyokosa haikuwagharimu. Siku tatu baadaye, Julai 20, mechi ya sita ilichezwa nyumbani kwao Milwaukee. Giannis alipata mitupo huru 19, akafunga 17. Alimaliza na pointi 50, Bucks wakashinda 105 kwa 98 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1971.

Mchezaji ni yuleyule, wapinzani ni walewale Phoenix Suns, ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni katika kumbi zote mbili. Watu waliokaa vitini ndio waliobadilika, na kile walichokifanya kila Giannis aliposhika mpira kwenye mstari. Ndiyo maana naona kisa hiki kinafaa kuliko vingi kwa mtu anayetaka kuelewa umati unamfanya nini mchezaji wa kulipwa. Mara nyingi tunazungumzia kelele kwa ujumla. Hapa tuna kitendo kimoja, kinachoweza kuhesabika, kilichoelekezwa kwa mtu mmoja.

Tuanze na kanuni. NBA inampa mpiga mtupo huru sekunde 10 tangu refa anapomkabidhi mpira. Akichelewa, mtupo unafutwa hata kama umeingia. Chini ya sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinazotumika katika mashindano ya timu za taifa, muda huo ni sekunde 5 tu. Wachezaji wengi wa NBA hawaifikirii kabisa kanuni hii kwa sababu wanamaliza mapema: wanadunda mara mbili tatu, wanavuta pumzi, wanarusha. Giannis alikuwa na utaratibu mrefu. Alidunda, akasimama, akavuta pumzi ndefu, akatazama ringi, akajipanga upya, ndipo akainua mikono. Mara nyingi alikuwa anaukaribia ukingo wa sekunde 10, na katika mtoano wa mwaka ule marefa waliwahi kumwadhibu kwa kuchelewa.

Mashabiki wa ugenini wakaliona hilo. Bucks walipofika raundi ya pili ya mtoano dhidi ya Brooklyn Nets, kuhesabu kulikuwa kumeshageuka desturi. Giannis anapokea mpira, ukumbi mzima unaanza kuhesabu kwa sauti moja: moja, mbili, tatu, nne. Wakaendelea hivyo Atlanta, kisha Phoenix. Na hesabu yao haikuwa ya haki: walihesabu haraka kuliko saa, hivi kwamba walifika kumi naye bado ana muda. Kwa mtu aliyesimama pale chini akijaribu kutuliza pumzi, hilo ni jambo zito. Sauti ya maelfu ya watu inamwambia muda umekwisha, na yeye hana saa ya kutazama. Ama aiamini na kuharakisha, ama aipuuze akijua kwamba safari hii huenda kweli amechelewa.

Hapo ndipo kuhesabu kunapoachana na kelele za kawaida. Kila mgeni kwenye NBA anazomewa. Nyuma ya ringi watu wanapunga mikono, wanarukaruka, wanapeperusha mabango. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba vurugu hizo zinawaharibia wageni mitupo yao huru, lakini ukitazama ligi nzima kwa miaka mingi, asilimia ya mitupo huru ya wageni na ya wenyeji inakaribiana mno. Mchezaji wa kulipwa amerusha mtupo ule maelfu kwa maelfu ya mara. Mkono unajua njia, na macho yamezoea kuona ringi tu hata nyuma yake kukiwa na fujo.

Kelele ni za kila mgeni. Hesabu ya mwaka 2021 ilikuwa ya Giannis peke yake. Haikumziba macho wala masikio. Ilimpa kazi ya pili ya kufanya kichwani wakati kazi ya kwanza ilitaka kichwa kitulie. Tena ilimgusa pale alipokuwa dhaifu tayari, na hilo halipaswi kufichwa. Msimu wa 2016/17 alifunga asilimia 77 ya mitupo yake huru. Msimu wa 2018/19, wa kwanza kumpa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, zilikuwa 72.9. Msimu uliofuata zikashuka hadi 63.3, kabla ya umati wowote kufanya desturi ya kumhesabia. Mashabiki hawakulitengeneza tatizo. Walilikuta, wakaligonga palepale.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika kwamba kuwapo kwa watu wengine kunaongeza nguvu ya lile tendo ambalo mwili umelizoea zaidi. Kama ujuzi umekomaa, watazamaji wanausukuma mbele. Kama haujakomaa, wanalisukuma mbele kosa. Sentensi hiyo ukiipeleka Phoenix inafungua mengi. Mechi ya pili, Julai 8, Giannis alifunga pointi 42 katika ukumbi uleule uliokuwa ukimhesabia. Mchezo ukiendelea alipata 15 kati ya 22, na kwenye mitupo huru alipata 11 kati ya 18. Kushambulia ringi ndiyo lugha ya mwili wake: hatua ndefu, bega mbele, mpira unawekwa ndani kwa mkono wowote uliopo karibu. Hana haja ya kulifikiria. Ukumbi ukimzomea, anaingia kwa nguvu zaidi. Kisha filimbi inalia, anatembea hadi kwenye mstari, na kitu kinachofuata ni kile ambacho mwili wake haujawahi kukimiliki vilevile.

Kwa hiyo umati mmoja, usiku mmoja, ulikuwa na athari mbili tofauti kwa mtu mmoja. Hili ndilo ninaloliona muhimu kuliko yote katika kisa hiki. Tunapouliza kama mashabiki wanamsaidia au wanamwangusha mchezaji, tunauliza kwa jumla mno. Inabidi tuulize: katika tendo gani?

Haki inadai niseme kwamba kulinganisha mipira ya mchezoni na mitupo huru kuna mtego. Sehemu kubwa ya mipira ya Giannis inatoka karibu kabisa na ringi, kwa hiyo asilimia zake za mchezoni lazima ziwe kubwa. Kipimo bora ni mitupo huru yenyewe, nyumbani dhidi ya ugenini. Phoenix, katika mechi ya kwanza, ya pili na ya tano, alifunga 7 kati ya 12, 11 kati ya 18, na 4 kati ya 11. Jumla ni 22 kati ya 41, karibu asilimia 54. Milwaukee, katika mechi ya tatu, ya nne na ya sita, alifunga 13 kati ya 17, 4 kati ya 8, na 17 kati ya 19. Jumla ni 34 kati ya 44, asilimia 77.

Pengo la asilimia 23 ni kubwa. Je, linaweza kuwa bahati tu? Msimu mzima wa kawaida wa 2020/21 Giannis alifunga asilimia 68.5. Kwa kiwango hicho, kwenye mitupo 41 ungetarajia afunge 28; alifunga 22. Kwenye mitupo 44 ungetarajia 30, alifunga 34. Kwa idadi ndogo kama hii, kupanda au kushuka kwa mitupo 3 ni jambo la kawaida kabisa. Matokeo ya Milwaukee yanaingia bila shida ndani ya bahati ya kawaida. Ya Phoenix yako chini kwa mitupo 6, mara mbili ya ile 3 ya kawaida: si jambo lisilowezekana, ila si la kupita bila kulitazama. Nikilazimika kuamua, nasema kuhesabu kulimuumiza kweli, lakini usiku wa 17 kati ya 19 ulikuwa pia na bahati yake, na mtu anayeutumia peke yake kama ushahidi wa nguvu ya nyumbani anautwika mzigo usioubeba. Mechi ya nne inakumbusha hilo. Alikuwa nyumbani, hakuna aliyemhesabia, na bado alikosa nusu.

Nyumbani kulikuwaje, basi? Desturi ya mashabiki wa mpira wa kikapu ni kunyamaza mtu wao anaporusha mtupo huru. Fiserv Forum, ukumbi wa Bucks, siku ya mechi ya sita kulikuwa na watu zaidi ya 17,000, na nje ya ukumbi walikadiriwa kufika 65,000 wakitazama kwenye skrini kubwa. Mtu mmoja akishika mpira, maelfu yale wanaacha kupumua. Kuna wanaoamini ukimya huo ni zawadi tupu. Mimi siamini. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Roy Baumeister alionyesha kwa majaribio kwamba shinikizo linamfanya mtu aanze kuusimamia mwili wake hatua kwa hatua, na ujuzi unaokwenda wenyewe unavurugika pale unaposimamiwa. Yeye na mwenzake wakapendekeza mwaka huohuo kwamba timu ya nyumbani inaweza kutetereka katika mechi ya mwisho ya ubingwa kwa sababu ya uzito wa kupendwa. Takwimu za miaka iliyofuata zililitia shaka dai hilo kama kanuni ya jumla, lakini utaratibu wenyewe walioueleza unafahamika kwa yeyote aliyewahi kutazamwa na watu wanaomtakia mema. Mji uliosubiri miaka 50 si mzigo mwepesi kuliko ukumbi unaokuhesabia.

Tofauti, nadhani, ni kwamba ukimya haukupangii mwendo. Hofu inaweza kuwapo, lakini muda unabaki wako. Giannis alikuwa na utaratibu mrefu uliojengwa juu ya pumzi, na nyumbani aliweza kuufuata hadi mwisho. Ugenini alilazimika kuukata katikati au kuumaliza huku akisikia tisa, kumi.

Katikati ya fainali hizo Giannis aliulizwa na waandishi jinsi anavyotuliza akili. Alijibu kwa maneno yaliyonukuliwa sana baadaye: kwamba kuangalia yaliyopita ni kujikweza, kuangalia yajayo ni majivuno, na yeye anajaribu kubaki katika sasa, kwenye unyenyekevu. Watu waliyapokea kama hekima ya maisha. Nikiyasoma pembeni ya rekodi ya mitupo yake, nayaona pia kama maelezo ya kazi. Mtu anayehesabiwa anavutwa kwenye sekunde ijayo. Kubaki katika sasa ndiko hasa umati wa Phoenix ulikokuwa ukimnyima.

Kuhesabu kule kulikuwa na msikilizaji wa pili: refa. Yeye ndiye anayeamua kama sekunde 10 zimepita, na uwanja mzima unamwambia zimepita. Ushawishi wa umati kwa waamuzi ni miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa vizuri katika utafiti wa michezo. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake waliwaonyesha marefa 40 wa soka matukio yaleyale ya kugombea mpira, wengine wakisikia sauti ya mashabiki na wengine bila sauti. Waliosikia umati waliwapa wenyeji makosa machache kwa takribani asilimia 15. Hakuna aliyewaambia wapendelee. Sauti iliwaongezea shaka pale walipotaka kupuliza dhidi ya wenyeji. Kwa Giannis marefa wengi waliivumilia hesabu ile na hawakupuliza, jambo linaloonyesha kwamba kanuni iliyo wazi, yenye kipimo cha muda, inamlinda mwamuzi zaidi kuliko kanuni inayotegemea jicho. Lakini mchezaji hawezi kujua mapema ni refa gani atakayeshawishika, na kutojua huko nako ni sehemu ya shinikizo.

Kuna mazingira makubwa zaidi yanayosaidia kukipima kisa hiki. Mwaka mmoja kabla, kuanzia 30 Julai 2020, NBA ilimalizia msimu wake ndani ya eneo lililofungwa la Walt Disney World, Florida, bila mashabiki kwa sababu ya janga la korona. Wengi wanautaja msimu ule kama jaribio la umati, na kweli mambo ya ajabu yalitokea: T.J. Warren wa Indiana Pacers akafunga pointi 53 dhidi ya Philadelphia, Phoenix Suns wakashinda mechi zao zote 8 na bado wakakosa mtoano, Jamal Murray wa Denver Nuggets na Donovan Mitchell wa Utah Jazz kila mmoja akafikisha pointi 50 au zaidi mara mbili katika mfululizo mmoja wa mechi. Lakini pale hapakuondolewa mashabiki peke yao. Ziliondolewa safari za ndege, hoteli mpya kila siku mbili, na kumbi zenye mwanga na nafasi tofauti. Tena wachezaji walikaa mbali na jamaa zao kwa wiki nyingi. Paul George, wakati huo wa Los Angeles Clippers, aliyefunga mipira 10 tu kati ya 47 katika mechi tatu mfululizo dhidi ya Dallas, alieleza waziwazi kwamba wasiwasi na huzuni vilimlemea mle ndani. Ukiondoa mambo matano kwa pamoja, huwezi kumpa moja sifa ya matokeo yote.

Msimu wa 2020/21 ni ushahidi safi zaidi. Safari zilirudi, kila timu ikacheza kwake, ila kumbi nyingine zilikuwa na mashabiki kiasi na nyingine zilikuwa tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia walizilinganisha mechi hizo, wakakuta wenyeji wenye mashabiki walishinda karibu asilimia 59, na wenyeji wasio na mashabiki karibu asilimia 51, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Wenyeji waliotazamwa pia waliokota mipira mingi zaidi iliyogonga ringi na kurudi. Hilo la mwisho linanivutia. Kuokota mpira uliorudi ni kazi ya kutaka: kusukumana, kuruka mara ya pili, kujitupa. Ndipo umati unapofanya kazi yake kubwa, kwenye juhudi. Tendo la utulivu kama mtupo huru liko upande mwingine kabisa, na ndiyo maana katika ligi nzima linabaki palepale hata ukumbi ukilipuka kwa kelele.

Kisa cha Giannis kiko katikati ya picha hizo mbili. Umati wa Phoenix ulipata njia ya kuligusa tendo la utulivu, jambo ambalo umati hauliwezi kwa kawaida, kwa sababu ulipata mchezaji mwenye utaratibu mrefu, kanuni yenye idadi inayojulikana, na jukwaa ambalo kila mtupo ulikuwa na maana. Ukikosekana mmoja kati ya masharti hayo, hesabu inakuwa kelele nyingine tu. Mchezaji anayerusha ndani ya sekunde nne hahesabiki. Mashabiki wangefika nne, mpira umeshaingia.

Wamiliki wa timu nao wanaamini kwamba njia ya kuligusa tendo hilo ipo. Los Angeles Clippers walipofungua Intuit Dome mwaka 2024, waliweka upande mmoja wa ukumbi safu 51 za viti zisizokatika, zenye mashabiki wa wenyeji tu, nyuma ya ringi ambayo wageni wanairushia nusu ya pili ya mchezo. Ni uwekezaji mkubwa katika dhana kwamba ukuta wa watu unaweza kuyumbisha mkono wa mgeni. Dhana hiyo inategemea macho na kelele, na kwa ushahidi uliopo naiona dhaifu kuliko ile ya mashabiki wa Brooklyn na Phoenix, ambao hawakuhitaji kujenga chochote.

Baada ya ubingwa Giannis alisema watu walikuwa wakimwambia hawezi kufunga mitupo huru, na usiku ule ameifunga. Msimu uliofuata wa 2021/22 alifikisha asilimia 72.2, ingawa kuhesabu kulikuwa kumeenea kumbi nyingi za ugenini. Kama hesabu peke yake ingekuwa chanzo, msimu huo ungepaswa kuwa mbaya kuliko yote. Kisha akashuka: 64.5, 65.7, na 61.7 msimu wa 2024/25, wakati kuhesabu hakukuwa tena jambo geni kwake wala kwa mtu mwingine. Miaka hiyo inadai maelezo ya aina nyingine, ya mkono na mazoezi, yasiyowahusu mashabiki. Hesabu ya Phoenix inaeleza mitupo 41 ya Julai 2021, na hata hiyo, kwa sehemu.